Kwa nini basi zima hunyamaza dereva anapokimbia? Kaida zilizoandikwa na zile ambazo hakuna aliyezitamka

Mleta uzi

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Jambo ninaloleta hapa limenikaa moyoni tangu nirudi safari ya Dodoma, na ningependa tulijadili kwa utulivu, kwa sababu naamini linagusa maisha ya watu na si adabu peke yake.

Nilipanda basi la asubuhi kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Juu ya kioo cha mbele palikuwa na kibandiko kilichoeleza kwamba mwendo wa juu ni kilomita 80 kwa saa, na chini yake namba za simu za kutolea taarifa. Tulipoipita Gairo na kuanza kuteremka milima kuelekea Dumila, dereva alianza kukimbia kupita kiasi, na mara mbili alilipita lori kwenye kona, mahali penye mstari usiokatika. Tulikuwa abiria zaidi ya hamsini. Kijana aliyeketi kando yangu alikishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, mama wa upande wa pili alikuwa akichezesha midomo kwa sala, na mimi nilijifanya nasoma kitu kwenye simu. Hakuna aliyefungua kinywa.

Kisha bibi mmoja aliyeketi kiti cha tatu akasema, bila kupaza sauti sana: "Mwanangu, humu umebeba watoto wa watu. Punguza mwendo." Kabla hajamaliza, sauti zilianza kutoka kila upande: wa nyuma wanasema ndiyo, wa katikati wanasema tumechoka, kijana wa kando yangu akasimama kabisa. Dereva alipunguza, na hadi tunaingia Msamvu pale Morogoro alikuwa akienda vizuri.

Jambo lililonishangaza zaidi nililisikia hapo Msamvu, wakati watu wameshuka kununua chakula. Mazungumzo yote yalikuwa hayo, na karibu kila mtu alisema neno lile lile kwa maneno yake: nilikuwa naogopa, lakini nilipoona wenzangu wametulia nilidhani wamezoea, nikahofia kuonekana mshamba. Kijana yule aliniambia kwamba aliniangalia mimi, akaona nasoma simu, akajua hakuna hatari. Maneno hayo yalinichoma. Mimi nilikuwa naangalia simu ili nisione barabara, na yeye akakichukua kimya changu kuwa ushahidi wa usalama.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari kwamba ndani ya basi lile palikuwa na mambo matatu ambayo kwa kawaida tunayachanganya. Kwanza, palikuwa na kanuni iliyoandikwa, kilomita 80, ambayo kila mwenye kujua kusoma aliiona. Pili, palikuwa na fikra ya kila abiria moyoni mwake, nayo ilikubaliana kabisa na kanuni ile. Tatu, palikuwa na kile ambacho kila abiria alidhani wenzake wanakifikiria, na hapo ndipo tulipopotea sote kwa pamoja, kwa sababu hicho hakikuandikwa mahali popote, hakuna aliyekitamka, na bado ndicho kilichotutawala. Kaida isiyosemwa huishi hapo, katika makisio yetu juu ya watu wengine, na makisio hayo yanaweza kuwa ya uongo kwa watu hamsini kwa mpigo.

Sidhani kwamba hili ni la basi letu tu. Mwaka 2008 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio nchini Kenya kwa matatu, yaani mabasi madogo ya abiria, za masafa marefu. Walichagua kwa bahati nasibu matatu zaidi ya 1,000, wakabandika ndani yake vibandiko vyenye ujumbe wa kuwahimiza abiria waseme, walalamike, wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Madereva waliovitunza vibandiko waliingizwa katika bahati nasibu ya kila wiki yenye zawadi ya fedha. Walipolinganisha madai ya bima ya magari hayo na yale yasiyobandikwa chochote, waliona yamepungua kati ya nusu na theluthi mbili. Kazi hiyo ilirudiwa baadaye kwa magari takribani 12,000 chini ya kampeni iliyojulikana kwa neno moja, Zusha, na safari hiyo madai yalipungua kati ya robo na theluthi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015.

Nawaombeni mtazame vibandiko hivyo vilifanya nini. Havikuongeza sheria, kwa kuwa sheria ya mwendo ilikuwapo. Havikumfundisha abiria kwamba ajali inaua, maana analijua hilo kuliko sisi tunaoandika. Nionavyo mimi, vilimwambia kila abiria kwamba wenzake wamekisoma kitu kile kile, kwa hiyo akisema hatakuwa peke yake, wala hatakuwa mshamba. Bibi wa kiti cha tatu alilifanyia basi letu kazi ya kibandiko.

Swali langu kwenu ni hili: je, nimeielewa sawa kaida hii, na kama nimeielewa, kwa nini neno la kwanza ni gumu kiasi hicho?

Mchangiaji wa kwanza, Nakuru

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni Mkenya na nimeishi upande huu wa barabara miaka yote, kwa hiyo naomba niongeze historia ambayo mleta uzi ameipita.

Mnamo Februari 2004, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, kulianza kutekelezwa kanuni ambazo hadi leo tunaziita sheria za Michuki: mikanda ya usalama kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80, mstari wa manjano ubavuni mwa gari, sare kwa dereva na kondakta, na abiria 14 tu katika zile Nissan ambazo zamani zilijazwa hadi watu wananing'inia mlangoni. Siku za mwanzo magari mengi hayakuingia barabarani na watu walitembea kwa miguu kwenda kazini. Lakini nakumbuka vizuri jambo moja ambalo silioni likiandikwa. Kwa miezi kadhaa, abiria wenyewe ndio waliokuwa askari. Mtu wa kumi na tano akijaribu kupanda, gari zima lilimwambia ashuke, na mtu asiyefunga mkanda aliguswa bega na jirani yake, kwa sababu faini ingemwangukia abiria mwenyewe na kila mmoja alijua mwenzake anajua.

Kisha ikaanza kulegea. Hakuna siku iliyotangazwa kwamba sheria imekufa, wala haikufutwa. Jioni moja mvua inanyesha, mtu wa kumi na tano anapanda, na hakuna anayesema kitu kwa kuwa wote tunamhurumia. Kesho yake anapanda bila mvua. Kufikia Novemba 2018 serikali ililazimika kutangaza upya msako wa kutekeleza sheria zile zile, na ninyi mnajua kwamba kitu kinachotangazwa upya ni kile ambacho kilikwisha kuachwa. Kanuni zile bado ziliandikwa. Kilichobadilika zaidi ni kile ambacho kila abiria alitarajia kutoka kwa jirani yake.

Mchangiaji wa pili, aliyewahi kuwa kondakta

Naomba nami niseme, kwa sababu naona abiria wanapewa sura ya malaika waliofungwa midomo.

Nilifanya kazi ya ukondakta kwa miaka sita, kwanza daladala, baadaye mabasi ya mkoani. Abiria wanaonyamaza nimewaona, lakini nimewaona pia wanaopiga kelele za upande wa pili. Basi likienda taratibu huanza minong'ono nyuma: "Dereva, tumepanda gari la ng'ombe?" Basi la kampuni nyingine likitupita, watu husikitika kana kwamba wametukanwa, na wapo wanaosema wazi kwamba mara nyingine watapanda lile. Dereva anayasikia yote. Tena dereva wa daladala ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, na kama ni deiwaka aliyepewa gari kwa siku moja, chake ni kile kinachobaki juu ya hesabu, basi. Kwake yeye kimya cha watu hamsini kina maana moja: endelea.

Kwa hiyo, mleta uzi, ndani ya basi hakuna kaida moja isiyosemwa, zipo mbili, na zinapingana. Moja inasema tufike salama na nyingine inasema tuwahi. Ile ya kuwahi ina sauti kwa sababu hakuna anayeona aibu kudai kuwahi. Kudai kuwahi humfanya mtu aonekane ana shughuli, ni mtu wa mjini. Ile ya usalama haina sauti kwa sababu inafanana na woga. Dereva hana namna ya kujua kwamba wanaotaka taratibu ni arobaini na tano na wanaotaka mbio ni watano, iwapo wanaosema ni hao watano tu.

Na jambo jingine. Dereva akikemewa mbele ya watu, hasa na mwanamume wa rika lake, hulichukua kuwa shari. Nimeona dereva akiongeza mwendo kwa hasira baada ya kukemewa. Kama unataka kusema, mfuate kabla gari halijaondoka, mkiwa wawili au watatu, mwambie kwa upole. Hapo hajadhalilika mbele ya mtu, na ameshajua gari lake limebeba watu gani.

Mchangiaji wa tatu, Mwanza

Kondakta amesema "mwanamume wa rika lake", na hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu mleta uzi ameuliza kwa nini neno la kwanza ni gumu bila kuuliza ni gumu kwa nani.

Bibi yule aliweza kusema kwa sababu ni bibi. Alimwita dereva "mwanangu", na neno hilo lina uzito ambao faini haina: dereva akimjibu vibaya, amemjibu vibaya mama yake mbele ya watu hamsini. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Siku niliyomwambia dereva wa gari dogo apunguze mwendo, kondakta alinijibu kwamba kama naogopa nikanunue gari langu, na abiria wawili walicheka. Si kwamba walikuwa watu wabaya, maana mmoja wao alinisaidia mizigo nilipokuwa nashuka. Lakini kicheko kile kilinifundisha nafasi yangu kwa haraka kuliko tangazo lolote, na kwa muda mrefu baada ya hapo nilinyamaza.

Tunaposema kwamba abiria wote walikuwa na fikra moja na kimya kimoja, tunasahau kwamba kimya cha kila mmoja kina bei yake. Mzee akisema anaheshimiwa, kijana wa kiume akisema anatafuta ugomvi, na binti akisema ana maringo. Kanuni ya kibandiko inasema "abiria" kana kwamba wote ni sawa. Kaida isiyosemwa imeshatugawa kabla hatujakaa. Ndiyo maana navipenda vile vibandiko vya Kenya. Ningekuwa na kibandiko nyuma ya kiti cha dereva, ningeweza kukinyoshea kidole na kusema: imeandikwa hapa. Mtu asiye na umri wala cheo anaweza kuazima sauti ya maandishi.

Mchangiaji wa nne, Zanzibar

Nitasema kidogo tu. Sisi huku tumelelewa na msemo kwamba kunyamaza ni kukubali, na katika ndoa limepokewa kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, kwamba idhini ya bikira ni kunyamaza kwake. Lakini wazee walionifundisha walisisitiza kwamba kimya hicho kinahesabiwa baada ya binti kuulizwa. Nadhani kosa letu katika mabasi ni kuchukua nusu ya kauli hiyo na kuiacha nusu nyingine: tunakihesabu kimya cha watu ambao hakuna aliyewauliza.

Mleta uzi

Nawashukuru nyote, na hasa dada wa Mwanza, ambaye ameniondolea upofu. Ni kweli kwamba mimi, mwanamume wa miaka arobaini na tatu, nilinyamaza kwa kuogopa aibu tu, wakati kuna wanaonyamaza kwa sababu wameshawahi kusema na wakalipishwa.

Na hili la mchangiaji wa Zanzibar, la kuulizwa kwanza, limenikumbusha utafiti mwingine. Huko Riyadh, Saudi Arabia, wachumi Leonardo Bursztyn, Alessandra González na David Yanagizawa-Drott waliwakusanya vijana wa kiume waliooa, wakawauliza kwa siri kama wanakubali wanawake waruhusiwe kufanya kazi nje ya nyumba. Asilimia 87 walikubali. Walipoulizwa wanadhani wenzao waliomo chumbani mle, wengi wao wakiwa majirani zao, wamejibu nini, takribani robo tatu walikisia chini ya ukweli. Kila mmoja alidhani mlango umefungwa na wenzake, kumbe wenzake wamesimama nje wakidhani yeye ndiye aliyeufunga. Kisha baadhi yao walionyeshwa matokeo ya kweli, na wote wakapewa nafasi ya kuwaandikisha wake zao katika huduma ya kutafutiwa kazi. Katika kundi ambalo halikuonyeshwa kitu waliandikisha asilimia 23, na katika lililoonyeshwa ukweli asilimia 32. Hakuna aliyewahubiria, waliulizwa tu, na jibu lao wenyewe likarudishwa kwao.

Sasa nirudi kwa ndugu wa Nakuru, ambaye amegusa faini. Wapo wanaonitumia ujumbe wakisema dawa ni moja tu, faini iongezwe. Siipingi faini, lakini ningependa tuwe waangalifu. Katika mji wa Haifa, Israel, wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto, ambako wazazi wengine walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto jioni. Katika baadhi ya vituo iliwekwa faini ya shekeli 10 kwa kila kuchelewa. Waliochelewa waliongezeka hadi karibu mara mbili. Kabla ya faini mzazi aliona haya kumfanya mwalimu asubiri, na baada ya faini alijiona amelipia muda. Tena faini ilipoondolewa, haya ile haikurudi. Makala yao ilitoka mwaka 2000, na kila nikiifikiria nawaza magari yetu, ambako pesa ya faini wakati mwingine hupangwa asubuhi pamoja na pesa ya mafuta. Kosa likishaingia katika hesabu za siku, dereva haoni tena kwamba amewakosea watu.

Mchangiaji wa tano, Hamburg

Nawasoma kutoka Ujerumani, ambako nimeishi miaka kumi na moja. Huku kuna vivuko vya miguu vyenye kibao kinachosema kwamba uvuke taa ikiwa ya kijani tu, uwe mfano kwa watoto. Hakitaji faini, ingawa faini ipo. Usiku pasipo na mtu wapo wanaovuka taa ikiwa nyekundu, lakini mtoto akiwa amesimama pale karibu kila mtu husubiri, na asiyesubiri huambiwa waziwazi na mtu asiyemjua. Mwanzoni niliona ni ukali. Baadaye niliona kwamba kibao kile kimempa kila mtu sababu ya kusema ambayo haimdhalilishi mwenzake: simtetei polisi, namtetea mtoto.

Bibi wenu wa Gairo alisema neno lile lile, "watoto wa watu."

Mchangiaji wa kwanza, Nakuru

Nina ombi kwa wanaotunga matangazo. Acheni kutuambia kila siku kwamba madereva wengi hawafuati sheria na abiria wengi hawafungi mikanda. Katika hifadhi ya Petrified Forest, jimbo la Arizona, wageni walikuwa wakiiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walijaribu mabango mawili. Lililosema kwamba wageni wengi wa zamani wamechukua mawe lilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotegwa njiani. Lililowaomba tu wasichukue lilifuatiwa na wizi wa chini ya asilimia 2. Ukimwambia mtu kwamba wengi wanavunja, hata kama unalia unapomwambia, umemtajia kaida, naye ataifuata.

Mleta uzi

Naomba nimalize kwa kuwapa taarifa, kwa kuwa jana nimesafiri tena kwa njia ile ile.

Nilifuata ushauri wa ndugu kondakta. Kabla basi halijatoka nilizungumza na abiria wa viti vya mbele, watu sita, nikawauliza kama wangependa tumwombe dereva aende kwa utaratibu. Nilitarajia kushawishi. Wote sita walikubali kabla sijamaliza sentensi, na mmoja wao, binti mwenye mtoto mgongoni, alisema alikuwa anaomba atokee mtu wa kusema. Nikamwomba yeye aje nami. Tulimfuata dereva alipokuwa anakagua matairi, tukamsalimu, nikamwambia: "Kaka, sisi wa mbele tumezungumza, tunaomba twende taratibu, tuna watoto." Alitutazama kidogo, akasema, "Hakuna shida, kaka," akaendelea na matairi yake.

Tulipokuwa tunateremka milima ile baada ya Gairo, basi jingine lilitupita, na sauti kutoka nyuma ikapaa: "Dereva, kanyaga, tutafika usiku!" Nilishika kiti. Dereva hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma: "Wenzako wa mbele wana watoto, wameshasema." Yule wa nyuma akanyamaza, na baada ya muda mama mmoja aliyeketi karibu naye akasema, "Na sisi wa huku tunao."